Heri Ingekuwa Mwanamke

Jumatatu, 30 Septemba

Daktari Maharaj ameniambia niandike. Si lazima kila siku, alisema, wala si lazima niandike kwa ufundi. Niandike tu dawa inanikaliaje, maana mgonjwa akirudi kumwona huwa ameshasahau. Kliniki yake iko Pinetown, hatua chache kutoka kiwanda cha rangi ninakofanya kazi ya maabara. Nilikwenda saa ya chakula cha mchana nikiwa na koti langu jeupe, ili anayeniona adhani nimetumwa.

Aliniuliza ni nini kimetokea. Hilo ndilo swali linaloniaibisha, kwa sababu hakuna kilichotokea. Sijafiwa. Sijafukuzwa kazi. Nina mke, Immaculée, anayenipenda, na binti wa miaka sita, Tiffany, aliyeng'oka meno mawili ya mbele. Ila tangu baridi ya Juni naamka kama mtu aliyefukiwa mchangani, na kila kitu kinanifikia kutoka mbali: chai, mpira kwenye televisheni, hata sauti ya mwanangu. Nikamwambia pia kwamba tunaishi South Beach, kando ya bahari, ghorofa ya tisa, na kwamba nimeanza kuiogopa roshani yetu. Hapo aliweka kalamu chini, akaniuliza maswali ambayo sikujua mtu anaweza kuulizwa waziwazi namna ile. Nikayajibu.

Dawa ni fluoxetine, kidonge kimoja asubuhi. Itachukua wiki kadhaa kunifaa, lakini madhara yake hayatangoja: kichefuchefu, kichwa, usingizi kuruka.

"Na ukiona mawazo mabaya yanazidi badala ya kupungua," alisema, "usingoje miadi. Nipigie siku hiyo hiyo. Mkeo anajua uko hapa?"

Nikasema anajua.

Hajui.

Jumanne, 1 Oktoba

Nimemeza cha kwanza kwa chai ya kazini. Hakuna kitu.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mvua ya kwanza ya msimu. Kichefuchefu kilinikamata ndani ya teksi iliyojaa abiria, nikashuka kabla ya kufika na kutapika kando ya robot, zile taa za barabarani, watu wakinipisha kama mlevi. Nilipofika nyumbani Immaculée akaona shati. Nikamwambia nina vidonda vya tumbo na nimepewa vidonge. Uongo ulitoka mwepesi, kana kwamba ulikuwa umekaa mdomoni ukingoja zamu yake.

"Vidonda? Njo maana hukuli!" alisema. "Mi nilizania umechoka na chakula yangu." Akanikorogea uji mwepesi, akakaa kunitazama nikiunywa. "Kunywa polepole, Papa Tiffany. Tumbo haipende haraka."

Ningeweza kumwambia pale pale. Lakini nilimkumbuka Urbain. Huyo ni binamu yake aliyeko Goma, na kwao hatajwi. Mara moja tu Immaculée alinisimulia, tena kwa sauti ya chini ingawa tulikuwa wawili: Urbain alianza kulia bila sababu, akapewa dawa ya kichwa, na tangu siku hiyo watu wakamwita fou, mwendawazimu. Mchumba wake akaolewa kwingine. Sasa anaishi chumba cha uani kwa mama yake na hakuna anayemsalimu. "Ile dawa njo ilimumaliza," alisema mke wangu, na bado anaamini hivyo. Kaka yake Athanase, ambaye ni shemasi kanisani kwetu na ana duka la simu Isipingo, anaamini hivyo maradufu.

Jumamosi, 5 Oktoba

Miayo kutwa, usingizi hamna.

Jumatano, 9 Oktoba

Siwezi kukaa. Huku si kuhangaika kwa mtu mwenye shughuli. Ni kama mifupa ya miguu inataka kutoka ndani ya ngozi iende zake. Kazini nimeizunguka meza ya maabara mpaka msimamizi akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nyumbani nikaizunguka sebule. Tiffany alidhani ni mchezo, akaja nyuma yangu, tukazunguka wote, yeye akicheka kwa pengo lake.

Mambo ni mabaya kuliko kabla ya dawa, na nadhani naelewa kwa nini. Zamani nilikuwa sina nguvu ya kufanya lolote, zuri wala baya. Sasa nguvu zimetangulia, na nafuu bado iko njiani. Nimesogeza kochi likaziba mlango wa roshani. Nimemwambia Immaculée ni kwa sababu ya upepo wa mvua.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimempigia daktari kutoka choo cha kiwandani, maji ya bomba yakimwagika ili nisisikike. Sikumaliza hata sentensi. Akasema, "Njoo sasa hivi, usirudi kwanza mezani kwako."

Hakunigombeza. Alisema huko kutotulia kunajulikana, huwapata baadhi ya watu mwanzoni, na nimefanya vyema kupiga simu. Ameniachisha fluoxetine na kunipa sertraline, kwa kipimo kidogo, pamoja na kidonge cha kunituliza kwa siku chache tu. "Watu hudhani hizi dawa ni kitu kimoja chenye majina mengi," alisema. "Hizi mbili ni ndugu, lakini ndugu hawafanani tabia. Iliyomkataa mmoja humponya mwingine."

Kisha akaniuliza nani atakuwa nami wikendi hii.

"Mke wangu."

"Anajua cha kuangalia?"

"Anajua."

Jumapili, 20 Oktoba

Miguu imetulia. Sasa tumbo ndilo linaloharisha. Uongo wangu umepata mwili. Kanisani Athanase aliniita mbele, akaniwekea kiganja tumboni, akaviamuru vidonda vitoke kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na mwisho kwa Kilingala. Kanisa zima likasema amina. Immaculée alikuwa safu ya pili, macho amefumba, midomo ikimtetemeka. Nilimwona nikatamani sakafu inimeze.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mvua. Jasho usiku, shuka imelowa. Mengine ni afadhali.

Jumamosi, 2 Novemba

Leo nimepata ladha! Nilikwenda Isipingo na Tiffany kumchukua mama yake saluni anakosuka watu, tukanunua bunny ya maharagwe, mkate umechimbwa ukajazwa mchuzi, tukaula tumesimama chini ya paa la duka, mvua ikipiga bati. Nikauma, na pilipili ikaniwasha, nikasikia inaniwasha. Sijui nitamwelezaje mtu ambaye hajawahi kupotelewa na ladha. Nilikula huku machozi yakinitoka, na Tiffany akasema, "Baba, si ungeomba isiyo kali?"

Nilicheka. Immaculée alinisikia kutoka ndani ya saluni, akatoka na kitana mkononi.

"Nani anacheka vile?" Akanitazama muda mrefu. "Eh, Papa Tiffany. Umerudia." Kwao, kurudia ni kurudi.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimepiga mluzi kazini. Nimenunua shati jipya la buluu.

Jumapili, 10 Novemba

Hili naliandika kwa sababu niliahidi kuandika kila kitu.

Kichwa kimerudi, mwili umeondoka. Mke wangu amenisogelea mara nyingi tangu nianze kucheka tena, na mimi ni gogo. Si kwamba simpendi. Namtazama akijipaka mafuta mabegani na moyo unasema yule ni wako, lakini ujumbe haufiki. Jana alijaribu kwa upole, kisha kwa utani, kisha akaniacha. Akalala akinipa mgongo. Baadaye akasema gizani, "Ni vidonda?"

"Ni vidonda."

"Vidonda iko inaponyesha mucheko na inaua ile ingine?"



Jumanne, 12 Novemba

Daktari anasema ndiyo, ni dawa. Ni madhara ya kawaida sana kwa kundi hili, na wengi huona haya kusema, kwa hiyo huacha dawa kimyakimya. "Hilo ndilo ninaloliogopa kuliko madhara yenyewe," alisema. "Usiache ghafla. Tukiamua kubadilisha, tutabadilisha kwa utaratibu. Mlete mkeo tuzungumze wote." Nikasema ana kazi nyingi.

Jumanne, 19 Novemba

Immaculée amenusa shati langu la buluu kabla ya kulifua. Alidhani nimo bafuni.

Jumamosi, 23 Novemba

Nimemweka mke wangu mahali pabaya na sijui nimtoeje. Ukiangalia kwa macho yake, kila kitu kinanishtaki. Mume aliyekuwa amenuna miezi yote sasa anapiga mluzi. Amenunua nguo. Anachelewa siku anazokwenda kwa daktari. Hamgusi mkewe. Leo Peguy, anayesuka naye saluni, alinipokea bila salamu. Kwa kawaida huniita shemeji na kunitania. Leo alisema tu, "Iko ndani," kisha akageukia nywele za mteja kama mtu anayegeuka asitazame ajali.

Njiani kurudi nilimuuliza Immaculée kama ana neno.

"Miye? Nina neno gani?" Akamfunga Tiffany zipu ya koti mpaka kidevuni. "Mwenye neno ni weye."

Jumamosi, 30 Novemba

Athanase aliniita dukani kwake. Alimtuma msaidizi wake nje, akafunga mlango nusu, akanipa kiti kati ya chaja na vioo vya simu. Yeye akabaki amesimama. Ni kaka mkubwa, na baba yao hayupo. Nilijua ameniita kwa kofia ipi.

"Beau, shemeji, tuseme kama wanaume," alianza. "Dada yangu analia. Haniambie, lakini namuona. Mi nakuuliza mara moja: iko mwanamke?"

Nilisema hapana.

"Alors iko nini? Mtu hawezi kubadilika vile bila kitu. Kama si mwanamke, ni kitu mubaya zaidi. Uko na ugonjwa? Uko na kitu kwa kichwa?"

Aligusa kichwa chake aliposema hivyo, na nikamwona Urbain waziwazi, mtu ambaye sijawahi kukutana naye, amekaa uani mlango umefungwa kwa nje. Nikaona Tiffany akichukuliwa na wajomba. Nikaona mikono yote ya kanisa juu ya utosi wangu, kila Jumapili, mpaka nife. Nami nikafanya jambo ambalo hata sasa naona haya kuliandika.

"Alikuwepo," nikasema. "Imeisha."

Athanase alishusha pumzi. Naapa alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Hata akakaa.

"Bon. Ni vibaya, lakini heri ni ile. Mwanamke tunajua namna ya kumufukuza." Akanipiga begani, karibu kwa huruma. "Utamuomba dada yangu pardon. Mi nitasema naye kwanza."

Nilitoka nikapita katikati ya stendi ya Isipingo, watu na makelele na mvua, nikiwa mzinzi ambaye hajamgusa hata mke wake.

Jumapili, 1 Desemba

Ameshaambiwa. Hakupiga kelele. Aliniuliza swali moja: "Ni mweusi wa hapa ao wa kwetu?" Nikasema wa hapa. Akaitikia kwa kichwa na kwenda kumchana Tiffany.

Nimeacha sertraline leo. Mwili ukirudi, nitamwonyesha kwa mwili kwamba mimi ni wake, na mengine yatasahaulika. Ndivyo ninavyofikiri. Sina fikra nyingine.

Jumatano, 4 Desemba

Kitu kama umeme kinapita kichwani kila nikigeuza macho. Si maumivu. Ni taa inayozimika na kuwaka ndani ya fuvu, na dunia inaruka hatua moja. Nimeshika ukuta wa maabara. Nimevunja chupa ya sampuli.

Alhamisi, 5 Desemba

Umeme. Nimelia kwenye teksi.

Jumamosi, 7 Desemba

Wameondoka.

Tiffany alimwaga maji mezani, maji tu, nami nikapaza sauti ambayo sikuijua, nikatupa kikombe ukutani. Mtoto hakulia. Aliniangalia kwanza kama anayetaka kuhakikisha ni mimi, halafu akajikojolea. Immaculée alimbeba akaingia naye chumbani. Nilisikia zipu ya begi.

"Mambo ya mwanamke nilikuwa naweza kuvumilia," alisema mlangoni. "Nilisema itapita. Lakini ile ulifanya sasa, juu ya mutoto? Apana, Josiah."

Josiah. Tangu mtoto azaliwe hajawahi kuniita jina langu.

Wako kwa Athanase. Umeme kichwani haukunipumzisha hata wakati mlango unafungwa.

Jumatano, 11 Desemba

Mvua siku nzima. Simu hazipokelewi. Mwili haujarudi na kichwa kimeondoka tena, kwa haraka kuliko kilivyoondoka mara ya kwanza. Sikujua mtu anaweza kuanguka kutoka mahali alipokwisha kuanguka.

Ijumaa, 13 Desemba

Kiwanda kimefungwa kwa sikukuu mpaka Januari. Wenzangu waliagana kwa vicheko. "Sharp, Josiah, usile sana!" Nimerudi kwenye nyumba yenye viatu vya mtoto mlangoni.

Jumamosi, 14 Desemba

Sijala.

Jumapili, 15 Desemba

Sikuenda kanisani. Wanajua, au wanajua uongo. Vyote ni sawa.

Jumatano, 18 Desemba

Naandika yaliyotokea jana. Nataka niyaandike yote.

Asubuhi mvua ilikuwa kubwa hata bahari haikuonekana. Nilipolala kochi lilikuwa bado limeziba mlango wa roshani; nilipoamka nilijikuta nimeshalisogeza. Sikumbuki kuamua. Nilisimama pale nimeshika kitasa, na kilichonitisha ni kwamba sikuwa na hofu. Miezi yote nilikuwa nikiuogopa mlango ule. Jana niliuona kama mlango.

Sijui nilipata wapi akili. Labda ni ile sauti ya Daktari Maharaj, usirudi kwanza mezani kwako. Nilitoka kwa mlango mwingine, wa mbele, pekupeku, nikaufunga, nikausukuma ufunguo chini ya mlango wa jirani ili nisiweze kurudi ndani. Kisha nikakaa kwenye ngazi kando ya lifti na kumpigia mke wangu. Alikata. Nikapiga tena. Akakata. Mara ya tatu alipokea, na nyuma yake nikasikia mashine ya kukausha nywele.

"Josiah, niko kwa kazi."

"Hakuna mwanamke."

"Usinipigie juu ya ile mambo."

"Hakuna mwanamke. Hajawahi kuwepo. Nilimwambia Athanase uongo. Iko dawa, Mama Tiffany. Iko ugonjwa wa kichwa, tangu baridi. Si vidonda. Nilikunywa dawa ikanizuia mwili, nikaiacha, na sasa naogopa kukaa peke yangu ndani ya nyumba."

Mashine ya nywele ilizimwa.

"Uko wapi?"

"Kwenye ngazi. Nimefunga mlango. Sina ufunguo."

"Usiingie mule. Unanisikia? Usikate simu. Mi niko nakuja."

Nilisikia akimwambia Peguy amalizie kichwa cha mteja, nikasikia mvua, mlio wa teksi, mtu akilalamika kuhusu mwavuli. Njia nzima kutoka Isipingo hakukata. Hakunihubiria wala hakuniuliza neno lolote la maana. Alinisomea barabara. "Tuko kwa robot. Iko nyekundu. Sasa iko kijani, mais ule wa mbele hatembee. Eish! Tumetoka. Iko lori ya ndizi imekwama pa maji. Uko hapo?" Nilisema niko. "Sema tena." Niko. "Sasa tunaona bandari. Uko?" Niko, Mama Tiffany. Abiria wenzake walisikia kila kitu, na kuna wakati mzee mmoja alimuuliza kwa Kizulu kama mgonjwa ni mume wake, naye akajibu "yebo, baba," bila kuona haya, na nadhani nililia zaidi kwa hilo kuliko kwa yote.

Lifti ilipofunguka alikuwa amelowa chapachapa, aproni ya saluni bado kiunoni. Sikupata kukumbatiwa. Alikaa ngazi moja chini yangu, akavua viatu vyake, akanivalisha soksi zake zilizolowa nusu. Kisha akanigeukia na uso ambao sikuwa nimeuona bado.

"Ulipenda nikuone malaya kuliko nikuone mugonjwa?"

"Nilimwogopa Urbain."

"Urbain ni mutu!" Sauti yake ilipanda mpaka ghorofa za juu. "Urbain ni mutoto wa mama mukubwa, alinifundisha kuendesha kinga, anakimbia nyuma anashika kiti! Ni sisi tulimufunga. Unazania sijue? Na weye unataka nikufunge weye pia, bila kujua, na mikono yangu?" Akapiga ngazi kwa kiganja. "Ukufe pale juu, na mi nibaki nakutukana juu ya mwanamke asiyekuwa!"

Tulikaa. Jirani alifungua mlango, akatuona, akaturudishia ufunguo bila kuuliza. Tukaenda moja kwa moja kwa Daktari Maharaj.

Ijumaa, 20 Desemba

Leo tumerudi kwake, kwa mazungumzo marefu. Immaculée aliuliza kwanza lile lililokuwa kifuani mwake: ni hii dawa ndiyo iliyommaliza Urbain?

Daktari alisema hamjui Urbain wala hajui alipewa nini. "Wakati mwingine ugonjwa ndio unaommaliza mtu na dawa inabeba lawama. Wakati mwingine dawa kweli haikuwa yake, na hakuna aliyekaa kumwangalia. Yote mawili hutokea."

Halafu akatueleza zilizopo, akimtazama yeye kama alivyonitazama mimi. Amitriptyline ni ya zamani. Humlaza mtu, humkausha kinywa na kumfunga choo, na hataki kunipa kwa sasa kwa kuwa si dawa ya kukaa nyingi kwenye nyumba yenye hatari. Venlafaxine ina nguvu, lakini kuiacha kwake kuna ule umeme, pengine zaidi. Bupropion haigusi mambo ya kitandani. Immaculée aliinua macho. "Tupatie ile." Lakini daktari aliniuliza kama nimewahi kupata degedege, na nilipata, utotoni Kitale, kwa malaria, na tena nikiwa kidato cha pili bila homa yoyote. Basi hiyo haiwezekani, inaweza kuamsha degedege. Imebaki mirtazapine, jioni. Italeta usingizi mzito na njaa kubwa. Kwa mambo ya kitandani ina huruma zaidi kidogo kuliko zile mbili nilizoanza nazo.

"Atanenepa?" aliuliza Immaculée.

"Huenda."

"Anenepe."

Dawa atazishika yeye. Simu ya daktari iko kwake pia. Tulipotoka alisema, bila kunitazama, "Nimerudia nyumba juu ya ugonjwa yako. Juu ya uongo yako, bado sijarudia." Analala chumbani kwa Tiffany.

Jumapili, 22 Desemba

Athanase amekuja. Aliposikia, aliweka kofia magotini, kisha akasema tusiseme kanisani, tuseme bado ni tumbo.

"Tumbo umeshaombea, Athanase," dada yake alimjibu. "Sasa ombea kichwa."

Aliondoka bila kunywa chai.

Jumatano, 25 Desemba

Nimelala mpaka saa sita mchana. Nimekula sahani tatu.

Jumamosi, 28 Desemba

Siku mbaya. Nilimwambia Immaculée, "Leo ni mbaya." Akahamisha kazi yake nyumbani, mteja akaja kusukiwa sebuleni. Siku ikaisha.

Jumamosi, 4 Januari

Kinywa kikavu, macho mazito asubuhi kama nimekunywa. Suruali haifungi. Umeme umekwisha. Tiffany bado hakai karibu nami akiwa na kikombe. Nimemwomba radhi, akasema, "Sawa, Baba," kwa adabu, kama anavyomjibu mgeni. Hilo, dawa haitalifanyia kazi. Ni langu.

Athanase hajaja tena. Nilikuwa nikimwona kama hakimu wangu. Sasa namwona kama mtu aliyeogopa kuliko mimi, naye hana pa kulisema hilo.

Jumapili, 12 Januari

Baada ya kanisa Tiffany alikwenda kwa wajomba, nasi tukabaki wawili mezani. Mvua ilikuwa imekatika, nguo za watu zimeanikwa kwenye kila roshani ya upande wa pili. Immaculée alikuwa akipiga pasi sare ya shule; Jumatano mtoto anaanza darasa la kwanza. Nilikuwa namtazama, na kwa mara ya kwanza tangu Septemba nikasikia ule ujumbe ukianza kufika, mdogo, wa mbali. Nikauacha ulipo. Sina haki nao bado.

Yeye ndiye aliyesema, macho kwenye pasi.

"Ule mwanamke. Nilimupatia jina."

"Mwanamke gani?"

"Yako. Asiyekuwa." Akageuza kola. "Nilimuita Valerie. Nilimuona na shati la buluu, weye na yeye, pa bahari. Nilijua anacheka namna gani. Nilikuwa nasuka watu na namuchukia. Kuna mteja mumoja alikuwa na shingo murefu, nikasema labda ni huyu, nikamusuka kwa nguvu mpaka akalia."

Kicheko kilinitoka kabla sijakizuia. Nikaona bega lake linatikisika, nikajua naye anacheka, tukacheka wote wawili, yeye ameshika pasi juu isiunguze kitambaa. Halafu nikaona si kicheko tena.

Niliinuka nikaichukua ile pasi, nikaichomoa.

"Na bado namuchukia," alisema. "Najua hayuko. Mais mi niliishi naye ndani ya nyumba hii. Weye hukuishi naye. Ni miye."

Sikujua mtu humwombaje mkewe msamaha kwa ajili ya mwanamke ambaye hayupo. Basi nikamwambia hivyo hivyo, kwamba sijui. Nikamwambia aniambie yote kumhusu, alivyokuwa, walikokwenda, alichovaa, nisikilize mpaka mwisho bila kusema ni uongo.

Akajipangusa uso kwa kiganja. Akavuta kiti.

"Alikuwa murefu," alisema, na nikakaa.